Kabla ya kusaini ruhusa ya safari ya skauti, mzazi aulize kuhusu maji

Shule zinapokaribia kufungwa, wazazi wengi wilayani Mwanga huletewa karatasi ndogo nyumbani. Kundi la skauti linakwenda matembezi au kambi. Mchango umeandikwa, tarehe imeandikwa, na chini kuna mstari wa saini ya mzazi. Mtoto amesimama pembeni na kalamu mkononi, anasubiri.

Wapo wazazi wanaosaini bila kusoma, kwa kuwa mwalimu yupo. Wapo pia wanaokataa kabla hata ya kuuliza safari inaelekea wapi. Wanaogopa nyoka, tembo na milima. Hofu hizo zina msingi wake, lakini kinachomrudisha mtoto nyumbani akiwa mgonjwa mara nyingi ni vitu vya kawaida zaidi: maji aliyoyaoga, maji ambayo hakuyanywa, baridi ya usiku, chakula kilicholala na gari lililojaza watoto kupita kiasi.

Mzazi anayejua kuuliza kuhusu vitu hivyo hana haja ya kumnyima mtoto safari. Na Mwanga ina safari nzuri kwa watoto, nyingi zikiwa karibu na nyumbani.

Skauti ni zaidi ya gwaride

Kwa wakazi wengi, skauti ni vijana wa sare na skafu wanaoonekana siku ya Mwenge wa Uhuru na kwenye sherehe za kitaifa, wakimvisha mgeni skafu na kupanga watu. Kazi hiyo ni sehemu tu ya uskauti.

Harakati hizi zilianzia kambini. Mwaka 1907, Robert Baden-Powell aliwachukua vijana 20 kwenda kisiwa cha Brownsea nchini Uingereza, wakapika, wakalala kwenye mahema na kujifunza kusoma mazingira. Tanganyika ilipata skauti wake mwaka 1917, na Girl Guides kwa ajili ya wasichana wakafuata mwaka 1928. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake Afrika Mashariki. Alifariki Nyeri, Kenya, Januari 1941 na kuzikwa huko huko.

Wito wa skauti kote duniani ni kuwa tayari. Mtoto anayeishia kwenye gwaride hajapata nafasi ya kuujaribu wito huo. Anaujaribu pale anapobeba maji yake mwenyewe, anapomsubiri mwenzake aliyechoka na anapogundua saa tano asubuhi kwamba chupa imebaki nusu na safari bado ndefu.

Juu Kindoroko, sweta ni dawa

Matembezi yanayowafaa zaidi skauti wakubwa wa Mwanga ni ya Milima ya Pare Kaskazini. Kilele cha Kindoroko kina urefu wa mita 2,113 kutoka usawa wa bahari, na ndicho kirefu kuliko vyote upande huo. Msitu wake umehifadhiwa kwa sababu ni chanzo cha maji, na ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Asubuhi isiyo na mawingu, aliyefika juu anauona Mlima Kilimanjaro upande mmoja na Ziwa Jipe chini yake.

Mtoto aliyezoea joto la Mwanga mjini, Lembeni au Kifaru hajui baridi ya huko. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 6 kila mtu anapopanda mita 1,000. Anayetoka tambarare hadi kileleni anapanda zaidi ya mita 1,000, na akiwa amelowa jasho au mvua, upepo humchukulia joto la mwili haraka. Mtoto anayetetemeka, anayeanza kujikwaa na kujibu maswali polepole anahitaji kuvuliwa nguo zilizolowa, kuvishwa kavu, kufunikwa na kupewa kitu cha moto anywe. Asiambiwe ajikaze.

Kwa hiyo begi la Kindoroko liwe na sweta, koti la mvua au hata mfuko mkubwa wa plastiki wa kujifunika, soksi za kubadilisha na viatu vilivyokwisha kuzoeleka. Viatu vipya vilivyonunuliwa jana kwa ajili ya safari huleta malengelenge kabla ya saa sita.

Msimu nao una uzito. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwishoni mwa mwaka hufanya njia za mlimani kuwa na utelezi. Juni na Julai njia huwa kavu zaidi, ila usiku ni wa baridi kali. Viongozi wa kundi waombe kibali ofisi ya misitu kabla ya kuingia hifadhini na wachukue mwenyeji anayezijua njia. Barabara ya kupanda kupitia Kikweni ina kona na miteremko, hivyo safari ianze asubuhi na watoto wawe kwenye gari la abiria, kila mmoja na kiti chake. Lori la mizigo halifai hata kama ni la bure.

Kwa wazee wa Usangi na Ugweno

Kwa kabu, yaani skauti wadogo, kilele si lazima. Usangi na Ugweno kuna matembezi mafupi yanayomalizika kabla ya jua la mchana, na mtoto anarudi na mengi ya kusimulia.

La kwanza ni misitu ya jadi. Koo za Wapare zimetunza vipande vidogo vya msitu kwa vizazi vingi, na ndani yake imebaki miti ambayo mashambani imekwisha. Kundi linaloomba ruhusa kwa wazee wa eneo husika hujifunza mambo mawili kwa mara moja: majina ya miti na adabu ya kuingia mahali pa watu. Watoto wasikate, wasichume, wasipige kelele. Na wasionje tunda wala jani wasilolijua.

La pili ni ndiva, mabwawa ya asili ya kukusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana kumwagilia mashamba kwa zamu. Mzee anayeeleza zamu za maji zilivyopangwa anafundisha hesabu na uraia bila ubao. Hata hivyo ndiva ni bwawa. Kingo zake huwa na tope na utelezi, na mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ambayo mkubwa anayaona mafupi. Watoto wasimame mbali na ukingo, na awepo mtu mzima ambaye kazi yake siku hiyo ni kuangalia maji tu.

La tatu ni historia. Ugweno ilijulikana zamani kwa ufuaji chuma, na ukoo wa Washana ndio uliobeba ufundi huo. Silaha na majembe yake yalifika hadi kwa Wachaga. Wazee pia wanaweza kuwasimulia watoto habari za Mbiru, mgomo wa kodi wa Wapare wa miaka ya 1940, ambapo maelfu ya watu waliacha nyumba zao na kwenda kukaa Same kudai haki yao bila silaha. Huko Ugweno mtoto atasikia pia Kigweno, ambacho si sawa na Chasu cha majirani zake. Kazi ya skauti inaweza kuwa rahisi tu: kila mmoja arudi na maneno kumi na jina la mzee aliyemfundisha.

Jipe na Nyumba ya Mungu: tazama, usiingie

Hapa ndipo karatasi ya ruhusa inapohitaji kusomwa mara mbili.

Ziwa Jipe, mpakani na Kenya, na Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 katika bonde la mto Pangani, ni mahali pazuri sana pa kumfundisha mtoto safari ya maji. Mto Lumi unaleta maji ya Kilimanjaro hadi Jipe. Kutoka Jipe, mto Ruvu unayapeleka Nyumba ya Mungu, ambako yanakutana na ya mto Kikuletwa. Kutoka hapo Pangani inayabeba hadi Bahari ya Hindi. Skauti anayechora ramani ya njia hiyo akiwa amesimama kando ya ziwa hataisahau. Ataona ndege, mitumbwi, wavuvi, na matete yanayozidi kulimeza ziwa.

Lakini kuna joto, kuna mchanga, na kuna watoto 40 waliosafiri na vumbi. Mmoja akivua shati na kuruka, wote wataruka.

Mamba na viboko wapo, na wazazi wengi wanalijua hilo. Wasichokikumbuka ni kichocho. Tafiti zimewahi kuukuta ugonjwa huu katika vijiji vya Wilaya ya Mwanga vilivyo karibu na maji. Mtu mwenye kichocho akikojoa au kujisaidia majini au kando yake, mayai ya minyoo hufika majini na kuanguliwa. Vijidudu vinavyotoka huingia ndani ya konokono wa majini, hukua, kisha hutoka tena vikitafuta ngozi ya binadamu. Havihitaji jeraha. Vinapenya ngozi nzima ndani ya dakika chache, na hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, saa zile zile ambazo watoto wanataka kuoga.

Maji yanaweza kuonekana meupe na bado yakawa nayo. Kujifuta kwa taulo haraka baada ya kutoka si kinga ya kutegemea. Kuingia hadi magotini tu si kinga pia, kwa kuwa miguu nayo ni ngozi.

Kichocho hakimwangushi mtoto siku ile. Anaweza kuwashwa ngozi siku ya kwanza, au asisikie chochote. Wiki kadhaa baadaye huja homa, uchovu na maumivu ya tumbo, na miezi ikipita mkojo au kinyesi huwa na damu. Kisipotibiwa kwa muda mrefu, kinaharibu kibofu, figo au ini, na humfanya mtoto apungukiwe damu na kushindwa kufuatilia masomo.

Kwa wasichana kuna jambo ambalo haliongelewi vya kutosha. Mayai ya kichocho cha mkojo yanaweza kukwama kwenye via vya uzazi na kusababisha vidonda, uchafu, kutokwa damu na maumivu, na baadaye kusumbua kizazi. Dalili hizo zinafanana na za magonjwa ya zinaa. Binti anaona aibu, mama anaanza kushuku, na ugonjwa uliotoka kwenye maji unageuka kuwa kesi ya tabia ndani ya nyumba. Mzazi anayekumbuka kumwambia mhudumu wa afya kwamba binti aliwahi kuoga ziwani au bwawani anaweza kumwokolea mtoto miaka ya mateso na tuhuma asizostahili.

Tiba ipo. Prazikwanteli, dawa ambayo watoto wengi wamewahi kumezeshwa shuleni, huua minyoo iliyokomaa. Haimalizi ile michanga. Kwa hiyo mtoto aliyeingia majini juzi na kumezeshwa leo asihesabiwe kuwa amepona. Apelekwe kituo cha afya kupimwa baada ya kama wiki sita hadi nane, au mapema zaidi akiwa na homa, damu kwenye mkojo au kinyesi, na mzazi aseme wazi ni wapi mtoto alioga na lini.

Kanuni ya kundi iwe fupi: ziwani na bwawani hakuna kuoga, hakuna kufua, hakuna kuingiza miguu. Safari ya mtumbwi ifanyike tu kama kila mtoto amevaa jaketi okozi linalomtosha, na kama viongozi hawana majaketi ya kutosha, mtumbwi uachwe. Watoto wakisikia joto, wamwagiwe maji ya bomba yaliyobebwa kwenye madumu. Mchezo huo una furaha ile ile.

Mkomazi kwa wanaoweza kusafiri

Kundi lenye uwezo wa kukodi gari linaweza kuvuka hadi Same na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi kupitia lango la Zange, kilometa chache kutoka mjini. Hifadhi inapakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, na inafahamika kwa kazi ya kuwalinda faru weusi na mbwa mwitu. Viongozi waulize mapema viingilio vya wanafunzi na waandike barua ya shule.

Ndani ya hifadhi watoto hukaa garini, kwa hiyo hatari kubwa ni jua, kiu na uchovu wa barabara. Kila mtoto awe na maji yake, angalau lita moja na nusu hadi mbili kwa siku ya joto. Asiyekojoa tangu asubuhi, au mwenye mkojo wa rangi nzito, hajanywa maji ya kutosha. Anayeumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa baada ya kukaa juani awekwe kivulini, alowanishwe maji, apepewe na kupelekwa hospitali mara moja.

Mtoto mwenye ugonjwa hana sababu ya kufichwa

Wazazi wengine huficha ugonjwa wa mtoto wakihofia atazuiwa kwenda. Kuficha ndiko kunakomweka hatarini.

Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata maumivu makali kwa sababu ya baridi, kukosa maji au kuchoka kupita kiasi. Kilele cha Kindoroko si chake bila ushauri wa daktari wake, lakini matembezi mafupi ya Usangi akiwa na nguo za joto na maji ya kutosha yanaweza kumfaa. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, isikae kwenye begi lililobaki garini. Mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na moto, maji au ukingo wa mwamba. Wote hawa waandikwe kwenye karatasi moja anayobeba kiongozi, pamoja na dawa, kipimo na namba ya mzazi.

Wasichana wafungashiwe taulo za kike hata kama tarehe bado. Mzazi aulize pia kama kambini kuna choo chenye mlango na maji.

Usiku kambini

Kulala nje ya nyumba ni kwa ajili ya watoto ambao kundi lao limekwisha kufanya matembezi ya mchana mara kadhaa bila tatizo. Wavulana na wasichana walale sehemu tofauti, na kambi yenye wasichana iwe na kiongozi mwanamke usiku kucha. Mtu mzima asilale hema moja na watoto wasio wake, wala asibaki faragha na mtoto mmoja. Mtoto aambiwe kabla ya kuondoka kwamba akiguswa au kuambiwa jambo linalomtia hofu, amwambie kiongozi mwingine au mzazi, na kwamba hatagombezwa. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, ni vizuri aikariri.

Kambi ya tambarare iwe na vyandarua. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe vidonge vya kutibu maji. Na kama watoto watapika makande, kama inavyotarajiwa Upareni, mahindi na maharage yalowekwe tangu usiku ili kuni zisiishe kabla hayajaiva. Yaliyobaki yasilale kwenye sufuria hadi asubuhi. Mtoto akiharisha na hakuna dawa ya kuongeza maji, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, vinamsaidia njiani kwenda zahanati.

Akiumwa na nyoka, asichanjwe, asinyonywe sumu, asifungwe kamba. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitembezwe, pete na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe, na apelekwe hospitali haraka. Kiongozi anayefahamu kabla ya safari ni hospitali gani ya karibu yenye dawa ya sumu ya nyoka ameokoa saa nzima.

Maswali saba kabla ya saini

1. Safari inakwenda wapi hasa, na kama kuna ziwa, bwawa au mto, kanuni ya maji ni ipi?
2. Watu wazima ni wangapi kwa watoto wangapi, na yupo mwanamke?
3. Gari ni la aina gani, na linarudi saa ngapi?
4. Nani amejifunza huduma ya kwanza, na sanduku lake lina nini?
5. Zahanati au hospitali ya karibu ni ipi, na mtoto atafikishwaje?
6. Maji ya kunywa na chakula vinatoka wapi?
7. Uongozi wa skauti wa wilaya na shule wana taarifa ya maandishi ya safari hii?

Kiongozi mzuri hatakasirika kuulizwa. Mara nyingi majibu atakuwa nayo tayari, na pale ambapo hana, swali la mzazi mmoja litawasaidia watoto wote. Anayejibu kwamba mzazi ana wasiwasi mwingi na asiwe na jibu lolote kati ya hayo saba, karatasi yake inaweza kusubiri safari nyingine.

Majibu yakiridhisha, mzazi asaini, afunge sweta kwenye begi na ajaze chupa ya maji. Wiki sita baadaye, hata kama mtoto anaonekana mzima, amuulize tena kwa upole: siku ile ziwani, uliingia majini? Na akisema ndiyo, asimchape. Ampeleke akapimwe.